Ada ya Kupanda Kasozi

Jumamosi moja asubuhi Faustino Ojera alikuwa ameketi kwenye benchi la muuza chapati chini ya kilima cha Kasozi, chapati iliyokunjiwa mayai mkononi, akiwatazama watu wenye pesa wakijitesa kwa hiari yao.

Walikuwa wakifika kwa magari kutoka maghorofa ya Bukoto. Walishuka, wakanyoosha miguu kama kuku waliofunguliwa, wakakaza kamba za viatu, kisha wakaanza kupanda. Hawakubeba kuni. Hawakubeba ndizi. Huko juu hakukuwa na soko wala kanisa wala shangazi wa kusalimiwa. Kulikuwa na nyasi, upepo, na tangi la maji la zamani lililoliwa na kutu. Walifika, wakapiga picha, wakateremka wakitweta, nyuso zinang'aa kama watu waliotoka harusini.

Ojera alitafuna polepole. Kwa mama yake, upande wa Kitgum, mtu alipanda kilima kwa sababu mbuzi wake alikuwa amekwisha kupanda.

"Wale wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Hawaendi mahali, ssebo," alijibu muuza chapati, kwa heshima ya Kiganda. "Wanatembea tu. Halafu wanarudi."

"Na wanamlipa nani?"

Muuza chapati alicheka mpaka chapati moja ikaungua. "Kirima ya selikali! Utalipa nani?"

Mtu mwingine angeona kwamba mazungumzo yameishia hapo. Ojera yeye alisikia tangazo la nafasi ya kazi.

Tusimsingizie: Ojera hakuwa mwizi. Neno lenyewe lilimuudhi. Mwizi huchukua kitu chako ukiwa huangalii. Ojera alikichukua ukiwa unamtazama machoni, tena ukimshukuru. Alizaliwa kambini Naguru, mtoto wa sajini wa polisi, akakulia katika Kiswahili cha amri, simama, toa, pita, rudi, na mapema sana aligundua kwamba watu wengi mjini hawatii sheria, wanatii sauti. Ukisema kwa upole, "Samahani, naomba kupita," hutapita. Ukisema, "Hebu sogeeni hapo!" hata ukuta utajibanza. Kwa sauti hiyo aliwahi kuuza nafasi za kuegesha magari nje ya harusi ambayo hakualikwa. Kwa sauti hiyo alikuwa, kwa muda, msimamizi wa foleni ya choo kwenye soko moja, foleni ambayo kabla yake ilikuwa ikijisimamia yenyewe.

Kasozi, kwa Kiganda, ni kilima kidogo. Anayesema kilima cha Kasozi kwa hiyo anasema kilima cha kilima, lakini Kampala ina vilima vingi na haina muda wa kuvibatiza vyote. Ardhi yake ilikuwa ya umma. Yaani ya kila mtu. Yaani, kwa hesabu za Ojera, ya yule atakayewahi kuamka.

Jumamosi iliyofuata aliwahi kuamka.

Alivaa koti la manjano linalong'aa kama la watu wa barabara, akaning'iniza filimbi shingoni, akavuta kamba ya buluu kutoka mkaratusi huu hadi ule, pale njia inapoanza kupanda. Kwenye mti alitundika ubao: HIFADHI YA KASOZI. ADA YA KUPANDA, ELFU TANO. MBWA, ELFU MBILI. Mbwa ndiye aliyemaliza ubishi kabla haujaanza. Tapeli gani angemkumbuka mbwa?

Wa kwanza walikuwa bwana na bibi na mbwa mweupe aliyenyolewa kama mtu wa benki. Bwana alisoma ubao, akakunja uso.

"Tangu lini?"

"Tulikuwa tumechelewa kuanza, mheshimiwa. Mtuwie radhi." Ojera aliinama kidogo, kama mtu anayejutia miaka yote aliyowaacha watu wapande bila utaratibu. "Na huyu mzuri anaitwa nani?"

Mbwa alikuwa anaitwa Simba. Bwana alilipa, na akaongeza kidogo kwa ajili ya adabu. Mpaka jua lilipokuwa kali, mifuko ya koti la manjano ilikuwa imevimba, na Ojera alikuwa ameanza kuamini hifadhi yake mwenyewe. Alimkemea kijana mmoja aliyevunja tawi.

Ndipo akaja Mzee Guerschom.

Mzee Guerschom alikuwa mwalimu mstaafu, Mkongo aliyeishi Kamwokya miaka mingi kiasi kwamba majirani walimwomba awaelekeze njia. Alikuwa na fimbo, kofia ya sufu, na koti la suti alilovaa hata kwa mazoezi. Aliisogelea kamba, akaigusa kwa ncha ya fimbo, kama mtu anayepima kama nyoka amekufa.

"Kijana, hii ni ya nini?"

"Karibu, Mzee. Ni ada ya kupanda. Wazee wana punguzo lao."

"Mimi napanda hapa kila asubuhi. Daktari ameniamuru, kwa sababu ya presha. Daktari hakutaja kamba."

"Daktari anatibu moyo, Mzee. Sisi tunatibu kilima."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mzee Guerschom aliwangoja wamalize, kama alivyozoea kuwangoja wanafunzi.

"Kilima kinaumwa nini?"

"Kinachakaa! Tazama miguu yote hii. Mvua ikinyesha udongo unateremka. Watu wanatupa chupa. Nani anaokota?"

"Swali zuri. Sasa nikuulize na mimi. Kilima ni cha umma. Nikinunua sukari nalipa kodi, nikinunua sabuni nalipa kodi. Kilima nimekwisha kukilipia jikoni kwangu. Leo nikilipa tena kukipanda, kesho si utanitoza kuutazama mwezi?"

"Mwezi haukanyagwi, Mzee."

Foleni ilicheka tena, lakini safari hii bibi mmoja mwenye chupa ya maji alisema, "Lakini Mzee ana haki," na mwingine akasema, "Haki gani, vitu vya bure ndivyo vinavyoharibiwa," na ubishi ukawaka. Ojera aliuacha uwake. Watu wanaobishana juu ya kiasi cha ada hawaulizi ni nani anaipokea.

Mzee Guerschom aliinua fimbo, wakanyamaza.

"Haya. Tuseme nakubali. Njia inachakaa, anayeitumia achangie. Ni hoja, wala si hoja ya kipumbavu. Basi nionyeshe jiwe moja uliloweka. Nionyeshe mfereji mmoja uliochimba. Nionyeshe chupa moja uliyookota, nami nitalipa bila punguzo."

Foleni nzima ilimgeukia Ojera. Ojera alifungua kinywa. Ile sauti ya kambini, iliyosogeza kuta, haikuja.

"Jamani, tusimwonee ndugu yetu!" sauti ya mwanamke iliita kutoka nyuma.

Alikuja mwanamke mrefu, kofia ya jua kichwani, nyuma yake kundi la watu waliovaa fulana za kijani zilizoandikwa MIGUU JUU. Huyu alikuwa Docus Adero, aliyetoka Kisumu kuja kuuza viatu vya mitumba Kamwokya, akagundua kwamba wanaonunua viatu vya kutembelea hawana pa kutembelea. Akaanzisha klabu. Kila Jumamosi aliwapandisha Kasozi, akiwahimiza kwa maneno ya mtu aliyelipwa kuhimiza.

"Kwetu Kenya ukipanda mlima unalipa, na askari wa mlimani anakupigia saluti," alisema Docus. "Kazi ndiyo kwanza inaanza, mpeni muda. Miguu Juu tunalipa, sote." Akamgeukia Ojera, akatabasamu. "Nikulipe wewe, Meneja?"

Meneja.

Ojera alikuwa ameitwa mengi maishani, na mengine kwa kelele huku watu wakimkimbiza. Hili lilikuwa jipya. Lilimshuka kooni kama chai ya tangawizi. Hakuona jinsi Mzee Guerschom alivyomtazama Docus kwa huzuni, wala hakumwona akigeuka na kurudi Kamwokya bila kupanda.

Wiki zikapita, na Kasozi ikawa shamba. Ojera alinunua filimbi bora. Alianza kusema "sisi" alipokuwa na maana ya "mimi". Hata alipoota, alikuwa ofisini.

Lakini mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na Ojera alianza kuirefusha. Nyuma ya kilima kulikuwa na makazi ya watu wa kawaida, mafundi, wafua nguo, wauza mboga, ambao tangu zamani walikatisha Kasozi kwenda soko la Bukoto. Mwanzoni aliwaacha wapite. "Wenyeji," alisema kwa ukarimu, akiinua kamba. Kisha akafikiri: mwenyeji naye anakanyaga. Akatangaza kadi ya mwenyeji, ya kulipiwa kila mwezi. Asiye na kadi angezunguka kwa barabara ya lami, mwendo mrefu na kikapu kichwani.

Wanawake walilipa wakinuna. Wengine walizunguka.

Jumatatu yake alikuja Mama Akidi, mwenyekiti wa mtaa. Mama Akidi alikuwa mjane wa mwanajeshi, mnene, mtulivu, na ilisemekana kwamba aliwahi kumfukuza mlevi mwenye panga kwa kukohoa tu. Alisimama mbele ya kamba, akasoma ubao wote, pamoja na mbwa.

"Wewe ni kijana ya nani?"

"Ya Sajini Olweny, Mama. Wa Naguru."

"Olweny." Alitikisa kichwa polepole. "Olweny ni mtu muzuri."

"Asante, Mama."

"Sikusema wewe."

Akaondoka. Ojera alipiga hesabu usiku kucha na kuona kwamba, ukitoa maneno ya mwisho, mazungumzo yalikwenda vizuri.

Jumamosi iliyofuata Docus alibaki nyuma kundi lake likipanda. Aliketi juu ya jiwe, akampa Ojera embe lililomenywa. Walikuwa wameanza kuzungumza hivyo, yeye kwa Kijaluo cha ziwani, Ojera kwa Kiacholi, kila mmoja akidai kwamba mwenzake ndiye aliyeharibu lugha ya mababu.

"Meneja, nikuambie siri?"

"Niambie."

"Kuna shirika. Linafadhili njia za milimani. Wanatafuta moja hapa Kampala, ya mfano, wakiipata wanampa mwenye kuisimamia fungu la mwaka mzima. Wewe unaokota elfu tano tano hapa kama kuku. Wale wanamwaga gunia."

Embe lilisimama njiani kuelekea kinywani. "Na wanamjua nani?"

"Wananijua mimi. Nimewaambia kuna Meneja mmoja makini sana." Docus alivuta pumzi. "Tatizo ni lile la Mzee Guerschom. Watauliza: ngazi ziko wapi? Mifereji iko wapi? Hawa si watu wa kuonyeshwa kamba, Faustino."

Alimwita Faustino. Mama yake peke yake ndiye aliyemwita hivyo.

"Ngazi," alisema Ojera.

"Na sehemu ya kushikilia, pale penye kona. Na mapipa ya taka. Na benchi huko juu. Na kadi ya wenyeji iondoke, itawatia aibu. Ni gharama, najua. Lakini anayevua samaki mkubwa hatumii funza mmoja."

Ojera alijua methali nyingi za kuwaambia watu wanaoingia mtegoni. Jambo la ajabu ni kwamba hakuitambua alipoambiwa yeye.

Kadi ya mwenyeji ikafutwa. Mifuko ya saruji ikaja kwa pikipiki, mmoja mmoja. Mawe yakaja kwa lori. Ada zilizokusanywa asubuhi zilipanda kilima mchana, zikiwa zimegeuka mchanga. Ojera alitafuta vibarua, akapigiwa bei, akaona kwamba kama angewalipa asingebaki na kitu. Basi yeye mwenyewe, aliyeapa siku aliyoacha shule kwamba hatashika jembe hadi kufa, akavua koti la manjano na kushika chepe.

Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge. Ya pili yalipasuka. Baadaye aliacha kuvitazama. Alichimba hatua, akasukuma jiwe, likakataa, akalitukana kwa lugha zote za kambini, likakubali. Watu wa Miguu Juu walipopita walimpigia makofi. Wanawake wa nyuma ya kilima, waliomnunia, walianza kumwachia maji. Mmoja alimwachia ndizi za kuchoma. Ojera alizila akijiambia kwamba mtaji ni mtaji.

Alasiri moja alisikia kikohozi nyuma yake, akageuka, akamwona baba yake.

Sajini mstaafu Olweny alikuwa amepanda taratibu, mkono kiunoni, viatu vyeusi vimepakwa rangi kama vya gwaride. Baba na mwana hawakuwa na mazungumzo mengi. Kwa miaka mingi, Olweny alipoulizwa na wazee wenzake kijana wake anafanya nini, alijibu, "Yuko mjini," na kubadilisha maneno.

"Niliambiwa unafanya kazi," alisema Olweny. "Nikasema siyo wangu, labda Ojera mwingine."

"Ni mimi, Mzee."

"Nani amekuajiri?"

Ojera alipangusa jasho. "Wananchi."

Olweny alizitazama ngazi, moja baada ya nyingine, mpaka zilipopotelea kwenye nyasi. Alizitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaweka kofia juu ya kichaka, akakunja mikono ya shati.

"Hili jiwe limelala vibaya. Mtu mzima atateguka hapa. Shika upande ule."

Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri. Hakusifu. Aliamuru. Lakini jioni moja, wakiteremka, Ojera alimsikia akimwambia mlinzi wa lango la jirani, ambaye hakuwa ameuliza chochote, "Huyu ni kijana wangu. Ndiye anajenga ile njia." Ojera alijifanya hakusikia. Kitu fulani kilimchoma kifuani, na kwa kuwa hakukizoea, alidhani ni saruji.

Njia ilipokaribia kwisha, Docus alikuja na habari.

"Wanakuja Jumapili. Wamefurahi sana. Kimebaki kitu kimoja tu: jiwe la kumbukumbu. Jiwe la kuchongwa, lenye jina la mwenye njia. Bila jiwe, mtu mwingine anaweza kujitokeza akadai yeye ndiye alijenga. Watu wa mji huu unawajua."

"Matapeli watupu," alisema Ojera kwa uchungu wa kweli.

"Fundi yuko Nakawa, anachonga makaburi lakini mkono wake mzuri. Nipe nikamlipe."

Ojera alimpa yote yaliyobaki. Alitoa hata za ndani ya soksi. "Jina langu liandikwe lote," alisema. "Faustino Ojera. Herufi kubwa."

"Kubwa kabisa, Meneja."

Jumapili ilifika na jua zuri. Ojera alikuwa amekodi suti. Kamba ya buluu ilikuwa imeondolewa kwa ushauri wa Docus, ili isiwatishe wageni. Chini ya kilima watu walijaa: Miguu Juu katika fulana zao, wenyeji katika nguo za kanisani na kanzu, mbwa Simba, muuza chapati aliyefunga biashara. Olweny alikuja na wastaafu wenzake wa kambini, nishani vifuani, wamesimama mstari bila kuambiwa. Ojera alitafuta kwa macho watu wa shirika. Alitarajia angalau mzungu mmoja, mwembamba, mwenye kofia. Hakumwona.

Aliyesimama mbele kuhutubia alikuwa Mama Akidi. Kando yake, koti la suti limepigwa pasi, alikuwa Mzee Guerschom.

Ojera alitazama barabarani tena, kama kuna gari la wageni linalokuja.

"Watu wangu," alisema Mama Akidi, na watu wakanyamaza hadi nyuma. "Sisi hapa tumepanda kilima hii miaka mingi, na hakuna mutu aliweka hata jiwe moja. Serikali ilisema itakuja. Bado iko njiani. Lakini kijana moja, kijana ya polisi, alikaa akafikiri. Alisema: hawa mama wanateleza na vikapu. Hawa wazee wana presha. Mimi nitajenga. Na alijenga kwa mikono yake, na pesa yake. Mutu akimpa chochote, yeye alinunua saruji."

Makofi yalilipuka. Ojera alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wageni.

"Mimi namwomba Sajini Olweny afungue jiwe."

Olweny alitoka kwenye mstari kwa hatua za gwaride. Alishika kitambaa cheupe kilicholifunika, akakivuta. Kisha akavaa miwani na kusoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama anayesoma amri ya siku.

"Njia hii. Imejengwa kwa hisani ya Faustino Ojera. Mwana wa Sajini Olweny. Kwa watu wote. Ni bure. Daima."

Neno "daima" lilikuwa limechongwa kwa herufi kubwa kuliko yote. Fundi wa makaburi alilizoea.

Ojera aliwatazama watu, akaitazama njia, akalitazama jiwe alilolilipia yeye mwenyewe, pesa za soksini pamoja. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema. Angeweza kusema: mmekosea, mimi nilikuwa nawaibia. Lakini mbele yake alisimama baba yake, amevua miwani, anaifuta na pindo la koti, na miwani haikuwa na ukungu.

"Asanteni," alisema Ojera. Aliinamisha kichwa, na watu wakasema, tazameni unyenyekevu.

Baadaye, ngoma zilipokuwa zinalia chini, alimkuta Docus juu kabisa, kwenye benchi.

"Umenitapeli."

"Mimi?" Docus aliweka mkono kifuani. "Kasome jiwe. Limeandikwa hisani."

"Shirika liko wapi?"

"Limekaa hapa. Mwenyekiti wake Mama Akidi, katibu Mzee Guerschom." Kisha uso wake ukatulia. "Sikiliza, Faustino. Ulipoweka ile kadi ya wenyeji, vijana wa nyuma ya kilima walikuwa wamepanga kuja kukupiga. Unajua kupigwa kwa mji huu kunavyoishia. Mama Akidi aliwazuia siku moja, ya pili hakuwa na hakika. Nikamwambia, Mama, tapeli ukimpiga unapata kesi. Ukimsifu unapata ngazi."

Upepo ulipita juu ya tangi la kutu.

"Na wewe umepata nini?" aliuliza Ojera. "Hukuja hapa kwa huruma tu. Nakujua, tunafanana."

Docus alicheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa na rafiki. "Wewe ulianza kutoza mwaka huu. Mimi wanachama wangu walikuwa wananilipa ada ya lango la Kasozi tangu mwaka juzi."

"Lango gani? Hapakuwa na lango!"

"Ndiyo sababu siku ile nilipoona kamba yako nilikaribia kukukumbatia. Nilisikia mmoja nyuma yangu anasema, kumbe Docus hakutudanganya!"

Ojera alijitahidi kukasirika. Alijitahidi kweli. Kicheko kilimponyoka puani kwanza, halafu chote.

"Ada ya lango sasa imekufa," aliendelea Docus. "Nimebaki na ya kuongoza tu, halali kabisa, inanitia kichefuchefu. Lakini kwa ngazi hizi hata wenye magoti mabaya wanajiandikisha."

"Na pesa za jiwe? Fundi hakuzimaliza zote."

"Zilibaki kidogo."

"Ziko wapi?"

Docus alinyoosha mguu mmoja, halafu wa pili. Viatu vilikuwa vipya, vya kupandia milima, soli nene, kamba nyekundu. Havikuwa mitumba.

"Kiongozi hawezi kupanda peku, Meneja," alisema, akainuka, akateremka zile ngazi kwa madaha, bila kuteleza hata mara moja.

Ojera alibaki kwenye benchi hadi aliposikia kikohozi anachokijua. Olweny alikuwa amewaacha wastaafu kwenye soda zao na kupanda peke yake. Aliketi kando ya mwanawe. Kwa muda walitazama mji, mabati ya Kamwokya, maghorofa ya Bukoto, moshi wa viwanda upande wa Nakawa.

"Pale chini ya tangi," alisema Olweny, akinyoosha kidole, "maji ya mvua yatapita. Yatakula ngazi za juu zote kabla ya mwaka kwisha. Panataka mfereji."

"Ndiyo, Mzee."

"Kesho tuje."

"Kesho nina shughuli, Mzee."

"Shughuli gani?"

Ojera aliwahi kuwaeleza askari watatu kwa mpigo kwa nini alikuwa ndani ya gari lisilo lake, na wakamsaidia kulisukuma. Sasa alitafuta shughuli, moja tu, hata ndogo. Baba yake alingoja, mikono juu ya magoti, vumbi la mawe bado limeganda kwenye kucha.

"Saa ngapi?" aliuliza Ojera.

"Kumi na mbili kamili asubuhi," alisema Sajini Olweny. "Na hiyo suti uirudishe kwa mwenyewe leo, kabla hujaichafua."